UKOO WA BIBI MWAVITA – UJIJI

Zuhura (Leicester): Shikamooni wakubwa zangu. Nina neno, sitaki mlisikie kwa watu wa pembeni. Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji, naondolewa matiti yote mawili. Siumwi, sina uvimbe. Naondoa kabla.

Shangazi Tatu: Marahaba. Kabla ya nini?

Mama Siwa: 😳😳

Zuhura: Nilipimwa damu shangazi. Nina jeni inaitwa BRCA1, ina hitilafu. Wanawake kumi wenye hiyo, kama sita au saba hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80. Na ya ovari, kule kunakotengenezwa mayai ya uzazi, nayo haiko mbali nami.

Shangazi Tatu: Jini! Si nilisema? Mama alipungwa pale Kasimbu wiki nzima mkaniona mshamba

Rama: 😂😂😂 shangaziii

Zuhura: JENI, shangazi 😂 Ile inayokufanya ufanane na wazazi. Hii pua si nimeitoa kwenu? Na hii nimeirithi hivyohivyo.

Mama Siwa: Kwa nani sasa? Mama yako yuko Gungu anauza mawese, mzima kama chuma

Zuhura: Kwa baba. Walinichora ukoo kwenye karatasi, kila mstari ukarudi kwa bibi. Mwanamume anaibeba kimya tu, mara nyingi haimfanyi kitu, ila kila mtoto anayemzaa ni nusu kwa nusu, apate au aikose.

Rama: Hata Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, alifanya, 2013. Naye BRCA1. Mama yake alikufa kwa saratani

Shangazi Tatu: Huyo ana hela zake. Zuhura mwanangu, kiungo kizima alichokupa Mungu unakitoa?? Si uwe unapima

Zuhura: Napima, kila mwaka naingia MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Inakamata mapema, haizuii. Natoka pale kila mara nasubiri majibu siwezi kula. Nimenyonyesha wawili, imetosha. Nikitoa, hatari inashuka zaidi ya 90%. Haiishi kabisa kwa sababu chembe za titi hubaki chini ya ngozi na kuelekea kwapani. Na kifua kitakufa ganzi, hilo wamenieleza, ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama Siwa: Wanakuwekea mengine?

Zuhura: Wanaweza. Silikoni, au wanachukua nyama ya tumbo. Mimi nitabaki bapa.

Mama Siwa: Nyama ya tumbo waje wachukue kwangu ninayo ya kugawa 😭

Shangazi Tatu: Mumeo anasemaje

Zuhura: Alinyamaza siku mbili. Ya tatu nikamkuta jikoni anajifunza kusonga ugali, maana wiki kadhaa sitanyanyua kitu. Ulikuwa uji ule, lakini nikala.

Bamdogo Idi: Nimesoma yote tangu asubuhi.
Mwaka 1989 nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa ananituma pamba dukani kwa Mwarabu, karibu kila siku. Mimi nikidhani anashona mto. Siku moja nikaingia bila hodi, nikamwona anaipanga kifuani chini ya kanga, kidogokidogo, kama mtu anayeweka mayai kwenye tenga. Akaniambia funga mlango. Na ule udi wote, mchana na usiku. Mnaukumbuka udi? Haukuwa wa jini.

Shangazi Tatu: Idi basi

Bamdogo Idi: Hakufika 45. Nina mabinti wanne.

Mama Siwa: Kwa hiyo sote tukakatwe jamani??

Asha Nesi: Hapana mama. Nimetoka zamu sasa hivi ndio nasoma. Saratani za titi za kurithi ni chache, kama 5 hadi 10 kwa mia. Huanzi na kisu, unaanza na kuujua ukoo: nani aliugua, umri gani, upande gani. Ukiona wengi, na walikuwa vijana, hapo ndipo unatafuta kipimo. Zuhura majibu yako ya karatasi nitumie, yana jina kamili la hiyo hitilafu. Wakijua wanachotafuta, kuwapima ndugu ni rahisi zaidi. Nitaulizia hospitali za Bugando na Ocean Road. Bamdogo, anayepimwa kwanza ni wewe. Ukiwa huna, mabinti hawakuipata kwako.

Bamdogo Idi: Hata leo.

Asha Nesi: Nimefungua daftari. Bibi Mwavita, chini ya 45. Mwingine?

Rama: Hakuna si ndiyo?

Shangazi Tatu *anaandika…*

Shangazi Tatu: Andika mama mkubwa wa Kalemie, dada yake mama. Tulivuka ziwa kwenda kumzika. Walisema kifua. Chumba chake nacho kilinuka udi.

Asha Nesi: Umri shangazi?

Shangazi Tatu: Sijui miaka. Mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Tulirudi naye kwenye boti, usiku kucha analilia ziwa, mama akampa lake.