Kwa nini Round the Horne ina jina la Kenneth Horne, wakati wanaochekesha ni wengine?

Sikio_la_Usiku aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Nimezama kwenye vichekesho vya zamani vya redio ya BBC, na kilichoniteka kuliko vyote ni Round the Horne, kile cha 1965 hadi 1968. Kenneth Williams ananimaliza. Mara ni mzee mchafu anayenung'unika, mara ni Rambling Syd Rumpo anayeimba nyimbo za shamba zenye maneno yasiyo na maana yoyote, na yote yanatoka koo moja. Hugh Paddick na Betty Marsden nao ni moto.

Linalonisumbua ni hili: mwenye jina kwenye kipindi ni Kenneth Horne, naye anaongea kama meneja wa benki. Hageuzi sauti, hapayuki. Anauliza swali kwa adabu, anajibiwa, na ukumbi unaangua kicheko kwa lile jibu. Je, jina lake liliwekwa kwa heshima ya ukongwe tu, au kuna kazi anafanya ambayo mimi bado sijaisikia? Wanaokijua kipindi hiki naomba mnifungue masikio.

Mzee wa Santuri alijibu:

Ndugu, kazi ipo, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote mle ndani. Nianze na ushahidi.

Horne alifariki tarehe 14 Februari 1969. Alianguka akiwa anaongoza hafla ya tuzo za televisheni katika hoteli ya Dorchester, London, usiku uleule ambao Barry Took na Marty Feldman, waandishi wa kipindi chake, walikuwa miongoni mwa washindi. Alikuwa na miaka 61, na msimu wa tano wa Round the Horne ulikuwa njiani. BBC ikawachukua Williams, Paddick na mtangazaji Douglas Smith, ikamwongeza Joan Sims, ikaanzisha Stop Messing About. Karibu kila sauti inayokuchekesha wewe ilikuwemo. Kipindi kilikwenda misimu miwili, kikaisha 1970. Nimekisikiliza kwa mapenzi yote, maana Williams nampenda mno, lakini mle ndani kila mtu anapiga kelele na hakuna wa kushangaa. Aliyekuwa akishangaa alikuwa amezikwa.

Kwenye redio msikilizaji haoni kitu. Akirushiwa sauti tano za ajabu kwa mpigo hana pa kusimama, hajui ipi ni ya ajabu na ipi ni ya kawaida. Horne ndiye sakafu. Ukishamsikia yeye, unajua dunia ya kawaida iko wapi, na hapo ndipo kila anayeingia mlangoni anakuwa kituko.

Sasa wasikilize Julian na Sandy, wale wahusika wawili wa kila wiki. Julian ni Paddick, Sandy ni Williams. Walipoingia mara ya kwanza walikuwa watu wa kukodiwa kufanya kazi za ndani, na kuanzia hapo kila wiki wana biashara mpya: mara wanauza vitabu, mara ni mawakili, mara ni wapiga picha. Horne anaingia kama mteja. Wao wanazungumza Polari, lugha ya mafumbo iliyokuwa ikitumiwa na watu wa maonyesho, mabaharia, na wanaume waliopenda wanaume na kulazimika kujificha. Kumbuka hali ya Uingereza wakati huo. Mwaka 1965 mwanamume aliweza kufungwa jela kwa mapenzi hayo, hata yakiwa ndani ya chumba chake mwenyewe. Sheria ya England na Wales ilibadilishwa Julai 1967, msimu wa tatu ukiwa umeshamalizika. Na hawa wawili walikuwa hewani Jumapili mchana, familia nzima ikisikiliza, wakiwa na furaha, wakishinda kila mabishano, hawamwogopi mtu.

Anayewafungulia njia ni Horne. Angewadhihaki, kipindi kingekuwa cha kikatili. Angejiunga nao waziwazi, kingefungiwa. Yeye anauliza swali lake kwa upole, anapokea jibu lenye maana mbili, ananyamaza kidogo, kisha anaendelea kama mtu ambaye hajaona kitu. Ila sauti yake inakuambia ameelewa kila neno, na kwamba anawapenda. Nao wanampokea kama mtu wao wa siku nyingi. Ule ukimya wake mfupi, usikilize tena. Kicheko kikubwa mara nyingi kinakuja hapo, siyo kwenye jibu.

Na sauti ile hakuibuni studio. Baba yake, Silvester Horne, alikuwa mhubiri maarufu na mbunge. Yeye mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita, akafikia cheo cha Wing Commander. Yeye na mchekeshaji Richard Murdoch ndio walioanzisha Much-Binding-in-the-Marsh, vichekesho vya kituo cha ndege kilichosahaulika. Baada ya vita alikuwa mkurugenzi wa mauzo wa kampuni ya vioo ya Triplex huku redio akiifanya pembeni. Mwaka 1958 kiharusi kilimlazimisha kuacha biashara, na mwaka huohuo kikaanza Beyond Our Ken, kipindi kilichozaa Round the Horne. Kwa hiyo ulipomfananisha na meneja wa benki hukuwa mbali. Waingereza walisikia sauti ya mtu mwenye cheo na heshima, na mtu huyo hakuona aibu yoyote kukaa na Julian na Sandy.

BintiWaMawimbi alijibu:

Shikamoo mzee. Nimekusoma kwa makini, ila sikubaliani nawe kwa asilimia mia.

Horne anasoma alichoandikiwa. Ule ukimya ni wake, sawa, lakini swali linaloutangulia ni la Took na Feldman. Feldman aliondoka baada ya msimu wa tatu, na msimu wa nne Took aliuandika na watu wengine. Horne yupo, Williams yupo, Paddick yupo, na bado mimi nasikia tofauti: utani unakuwa mwepesi, vipande vinakwisha kabla havijaiva. Kama Horne ndiye sakafu, basi sakafu ilikuwepo na nyumba bado ikayumba.

Halafu Betty Marsden mmempita haraka. Mwanamke peke yake kati ya wanaume wote wale! Kuna Daphne Whitethigh, mtaalamu wa mapishi na mitindo mwenye sauti iliyokwaruzika. Na kuna Dame Celia Molestrangler, mwigizaji mkongwe, anayecheza Fiona pamoja na Paddick kama Charles. Wapenzi wawili wanakatizana sentensi, wanarudiarudia "najua", "najua unajua", dakika zinakwisha na hakuna aliyesema chochote. Horne hamo kabisa kwenye mazungumzo yale, nami huwa nacheka mpaka machozi. Kile kipande kinasimama kwa mizani ya sauti mbili tu, na ya Marsden ndiyo nzito zaidi.

KipazaCha78 alijibu:

Mimi nimeingilia mlango mwingine, kwa hiyo niongeze la ITMA, kipindi kingine cha vichekesho cha redio ya BBC. Hicho kilianza 1939, kikawa burudani ya Waingereza kipindi chote cha vita. Katikati yupo Tommy Handley, na mlango unafunguka na kufungwa: anaingia Bi Mopp mfagizi, anatoka, anaingia Kanali Chinstrap ambaye lolote utakalosema analisikia kama amekaribishwa kinywaji. Handley hakuwa mpole kama Horne, alikuwa na maneno kama mvua. Lakini alifariki Januari 1949, na BBC haikutafuta mtu wa kukalia kiti chake. Kipindi kilikwisha palepale. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika kanisa kuu la St Paul's, London. Hapo mzee naona ana hoja.

Ila The Goon Show (1951–1960), vichekesho vingine vya redio ya BBC, inanichanganya. Neddie Seagoon wa Harry Secombe yuko katikati ya kila kisa, na yeye ndiye mjinga kuliko wengi wao! Peter Sellers na Spike Milligan wanamzunguka kwa sauti kama kumi, mabomu yanalipuka, tumbo la Meja Bloodnok linanguruma kwa mlio uliotengenezwa na mafundi wa Radiophonic Workshop, karakana ya BBC ya kutengeneza milio. Nani anashangaa pale? Jibu langu ni Wallace Greenslade. Alikuwa mtangazaji halisi wa BBC, na anatangaza upuuzi wa Milligan kwa sauti ileile ya taarifa rasmi. Ukimwondoa yeye, zinabaki kelele.

Mzee wa Santuri alijibu:

Marahaba, Binti. La Feldman nakubali. Msimu wa tatu ndio kilele na sitabishana na mtu juu ya hilo. La Marsden nakubali pia, na ningependa watu wamtaje mara nyingi zaidi. Lakini Charles na Fiona hawatokei hewani tu. Horne ndiye anayewakaribisha kwa heshima zote, kama vile tunakwenda kuona tamthilia kubwa ya mwaka, na matarajio hayo ndiyo yanayofanya "najua, najua" iwe na uzito. Horne hamo kwenye kipande, ila umefika pale kwa mkono wake.

Kipaza, la Greenslade ni zuri. Hata Round the Horne walilijua: Douglas Smith naye alikuwa mtangazaji wa BBC, wakampa kazi ya kuigiza vitu kama volkano au ng'ombe kwa sauti yake rasmi. Yaani mle walikuwepo watu wawili wa heshima, siyo mmoja.

Sikio, wewe ulisema Horne hachekeshi mwenyewe. Rudi kwenye dakika za mwanzo za kipindi chochote, kabla wengine hawajaingia. Yuko peke yake mbele ya watu katika ukumbi uitwao Paris, pale Lower Regent Street, London, anatoa majibu ya chemshabongo ya wiki iliyopita, na maswali yenyewe hukuyasikia. Anasoma matangazo ya sherehe ambazo hazipo. Nusu ya yale mambo ni machafu ajabu ukiyafikiria, na anayasoma kama ratiba ya treni. Anza na msimu wa tatu. Kipindi cha kwanza sikiliza wote. Cha pili mfuate Horne peke yake, hasa mahali ambapo hasemi kitu, kisha uje utuambie nani amekuchekesha.