Naombeni ushauri: mafunzo ya walimu kuhusu kutumia makumbusho na sanaa kufundishia

Mkufunzi Kazini
Wadau, habari zenu. Nimekabidhiwa kuandaa mafunzo kazini ya siku mbili kwa walimu wa masomo mbalimbali, wakiwemo wa hisabati na sayansi, ili watumie makumbusho na sanaa kufundishia. Hofu yangu ni kwamba nitawamwagia nadharia, watachukua vyeti, kisha watarudi kwenye chaki na ubao kama kawaida. Wengi wanaona ziara ni siku ya watoto kubadilisha hewa tu. Nianzie wapi?

Kiongoza Wageni
Mkuu, nadharia iweke kando kwanza. Asubuhi ya siku ya kwanza waketishe mbele ya kitu kimoja, kimoja tu, kwa nusu saa. Watafiti Jeffrey na Lisa Smith walipowachunguza wageni wa Metropolitan Museum of Art, makumbusho ya sanaa ya New York, katika utafiti uliochapishwa 2001, walikuta mtu hutazama kazi moja kwa wastani wa sekunde 27. Walimu nao ndivyo wanavyotazama.

Kisha tumia maswali matatu ya Abigail Housen na Philip Yenawine, walioasisi njia ya kufundisha kwa kutazama na kujadili picha: Nini kinaendelea hapa? Umeona nini hata ukasema hivyo? Tunaona nini kingine? Uzito uko kwenye la pili. Mtoto akisema mama aliye mchorani ana huzuni, muulize ameona nini. Atakuonyesha bega lililoinama, vidole vilivyoshika ukingo wa kiti. Hapo keshaanza kutoa ushahidi, jambo ambalo mwalimu wa historia na wa sayansi wanalihangaikia mwaka mzima. Kwa walimu, zoezi gumu litakuwa kunyamaza. Watataka kutaja jina la msanii dakika ya kwanza. Wazuie.

Hesabu Tamu
Kila mshiriki aje na mada kutoka kwenye maazimio yake ya kazi (mpango wake wa mada za kufundisha), ile inayowasumbua wanafunzi wake. Mada itangulie, kitu kifuate. Mimi hutumia chungu cha kale: wanafunzi wanakadiria ujazo wake bila kukigusa, wanabishana ni vipimo gani wanahitaji, na ubishi ukikolea kanuni wanaidai wenyewe.

Mwalimu wa Lugha
Natofautiana kidogo na Kiongoza Wageni. Kunyamaza kuwe na mwisho. Kitu kilitumika kwa ibada au kwa kazi, kilinunuliwa au kiliporwa: hayo macho hayakuambii. Mtoto akiachwa akisie tu, anaondoka na uongo. Maelezo yaje, ila baada ya kutazama. Pia waigize: kikundi kisimame kimya katika mkao wa watu wa mchorani, halafu kila mmoja aseme sentensi moja anayodhani mtu wake angesema. Insha zinazofuata huwa na uhai.

Mkufunzi Kazini
Asanteni sana. Na wakuu wa shule wanaouliza faida iko wapi? Na shule zilizo mbali?

Kiongoza Wageni
Wape mfano wa Crystal Bridges, makumbusho ya sanaa ya Arkansas, Marekani, iliyofunguliwa 2011. Shule zilizoomba ziara zilizidi nafasi, zikachaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakapata makundi mawili ya kulinganisha: karibu wanafunzi 11,000 wa shule 123. Wiki kadhaa baada ya ziara, waliokwenda waliuchambua vizuri zaidi kuliko wenzao mchoro ambao hawakuwahi kuuona, na waliofaidika zaidi walikuwa watoto wa vijijini na wa shule maskini. Kwa hiyo shule za mbali usiziache. Rijksmuseum ya Amsterdam, kwa mfano, inatoa picha za makusanyo yake bure mtandaoni. Chapa moja kubwa inatosha darasa zima.

Hesabu Tamu
Alasiri ya siku ya pili usiongee kabisa. Wafundishane, kila mtu dakika kumi, kwa andalio la somo lake mwenyewe. Na kabla hawajatawanyika, pangeni tarehe ya kukutana tena, kila mmoja akiwa na kazi za wanafunzi wake mkononi. Hilo ombea bajeti mapema, maana ndilo la kwanza kukatwa.