Je, ni dhambi kumwomba Mungu anirudishie shida kidogo?

MamaUnga:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mnivumilie, maelezo ni marefu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Mbeya. Mwaka 2017 baba watoto alipata kiharusi, akalala kitandani miezi saba, kazi yake ya ufundi ikaishia hapo. Nikaanza kupika maandazi. Naamka saa kumi alfajiri, na mnaoijua Mbeya ya mwezi wa saba mnajua maji ya saa hizo yanavyouma vidole. Jiko moja la mkaa, beseni, hamira, iliki ya kuhesabu punje. Mtoto wa mwisho mgongoni, ana mwaka mmoja. Saa kumi na mbili na nusu niwe nimeshafika Mwanjelwa, maana wabeba mizigo wakishakunywa chai kwa mwingine, umekwisha.

Maombi yangu yote yalikuwa kwenye lile beseni. Nakanda, naomba. Donge nalikata mafungu matatu, kila fungu la mtoto mmoja, na silifuniki kitambaa mpaka nimemaliza habari zake huyo mtoto. Kipande kidogo cha nne kilikuwa cha mume wangu. Siku nyingine sina maneno, naupiga tu unga ngumi nasema, "Lakini si unaona? Unaona?" Basi. Na nilikuwa najua kabisa kuna anayesikia.

Mungu akatenda. Mume anatembea, mkono mmoja tu ndio mzito. Leo nina oveni mbili na vijana wanne, mikate inafika mpaka Tukuyu. Nyumbani tumechimba kisima. Unga unakandwa na mashine, nabonyeza tu, dakika 12 tayari. Hizo dakika ndizo zilizokuwa za maombi. Sasa nashika simu, naangalia oda, nikimaliza oda naangalia stetasi za watu.

Sadaka natoa, tena kubwa kuliko zamani. Lakini natoa kama ninavyonunua luku. Nimelipia, taa ziwake, tuonane mwezi ujao.

Kilichonileta hapa ni hiki. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliwauliza watoto, nyumbani kwenu mnaomba saa ngapi? Huyu wangu wa mwisho, sasa ana miaka 9, akanyoosha mkono: "Mama anaomba umeme ukikatika." Mwalimu alinisimulia huku anacheka, nami nikacheka. Nilipofunga mlango wa gari nikalia. Kwa sababu ni kweli. Mikate ikiwa ndani, umeme ukazima, ndipo utanisikia "Ee Mungu wangu!"

Ndiyo nauliza, ni dhambi kumwomba anirudishie shida kidogo? Ugonjwa hapana. Kidogo tu ya kuniamsha.

Kifaranga:
Shida? Ninayo ya jumla na rejareja, mama. Usafiri juu yako.

Tenzi_za_Jioni:
Kifaranga acha utani, mtu ameuliza jambo la maana. Dada, soma Mithali 30, mstari wa 8 na wa 9. Yule bwana aliomba asipewe umaskini wala utajiri. Akishiba anaogopa atamkana Mungu, akikosa anaogopa ataiba. Aliogopa vyote viwili. Wewe unaogopa kimoja tu.

MzeeKibarazani:
Binti yangu, mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na nikuambie, wanaopotea wakati wa njaa niliwahesabu kwa vidole. Wanaopotea wakati wa shibe hatukuwa hata na daftari lao, maana bado wanakuja ibadani na wanakaa viti vya mbele.

Watu wakisikia Danieli wanafikiria simba. Rudi sura ya 6 uisome taratibu. Huyo alikuwa mkubwa serikalini, mmoja wa watatu waliowasimamia maliwali 120. Alipojua amri ya mfalme ya kukataza watu wasimwombe Mungu imetiwa sahihi alipanda chumbani kwake, madirisha yakielekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Hayo maneno ya "tangu zamani" ndiyo nataka uyashike. Simba walimkuta tayari ana ratiba. Ayubu naye, sura ya 1, kabla hajapoteza hata punda mmoja, alikuwa anaamka alfajiri kuwatolea wanawe sadaka.

Halafu kuna Uzia, mfalme wa Yuda, 2 Nyakati 26. Alitawazwa ana miaka 16, akatawala 52. Alijenga minara, akachimba visima vingi (na wewe umetaja kisima, nimetabasamu). Alipopata nguvu moyo ukapanda, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyo yake, ukoma ukamtoka kwenye paji la uso. Visima havikuwa na kosa.

Kwa hiyo usiombe shida. Tafuta saa yako na mahali pako. Na usingoje kusikia ile hali ya mwaka 2017 ndipo uanze, hutaanza.

ChakiMkononi:
Dada, nimesoma mara mbili nikaona niandike tu. Mimi ni mwalimu, mkataba wa kujitolea uliisha mwezi wa tatu. Mwanangu amelazwa wiki ya tatu hii. Nilidhani shida inapigisha watu magoti. Mimi imenikalisha chini. Usiku niko pale kwenye benchi la wodini, watu wanasali kwa sauti, mimi nasoma maandishi kwenye dripu. Sijui mara ngapi nimeisoma ile dripu. Hii unayoiomba, kuna watu imewaziba mdomo. Usiiombe.

MamaUnga:
Asanteni. Mzee, shikamoo, nimekuelewa, na la kisima limenipata.

Kaka mwalimu, nimekaa na maneno yako tangu jana. Naona aibu kwamba nilikuwa naomba kitu kinachokuumiza mwenzangu. Leo alfajiri nimefanya hivi. Mashine ikiwa inakanda nimetoa donge kiasi cha ngumi mbili, nikalipeleka mezani nikalikanda kwa mkono. Simu nimeiacha chumbani. Nisiwadanganye, mikono ilikuwa inajua kazi, mdomo haukujua. Dakika tano nilikuwa nawaza deni la duka moja. Lakini mafungu matatu nimeyakata.

Kesho nataka kukata la nne, mume wangu ananipa ruhusa atakuwa wa tano. Nipe jina la mwanao, hata la utani tu.

ChakiMkononi:
Lusajo. Yuko darasa la tatu.

MamaUnga:
Sawa. Saa kumi.