Ukaguzi wa magonjwa ya virusi katika mashamba ya mihogo, Kasulu

Mkulima wa Kasulu:
Ndugu wataalamu, kikundi chetu kinataka kukagua mashamba ya wanachama kabla ya kugawana pingili za mbegu. Tukague mihogo ikiwa na umri gani, na je, kutazama majani pekee kunatosha?

Bwana shamba, Kigoma:
Ndugu, kagueni mihogo ya miezi 3 hadi 6. Piteni kwa mistari miwili inayokatana katikati ya shamba, mkichagua mashina 30 bila kupendelea yaliyonawiri wala yaliyodhoofu, kisha kila shina lipewe alama kuanzia 1, yaani halina dalili, hadi 5, yaani dalili kali sana. Ugonjwa wa batobato hukunja majani machanga na kuyatia mabaka. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia hujitokeza kwenye majani ya chini yaliyokomaa, kwa umanjano unaofuata mishipa. Geuzeni taratibu majani ya juu mhesabu inzi weupe, kwani ndio wanaoeneza magonjwa yote mawili.

Mdau wa mbegu, Tabora:
Nasisitiza kwamba majani hayatoshi. Zipo aina za mihogo ambazo, zikiwa na michirizi ya kahawia, majani hubaki mazuri ilhali mzizi, ukiupasua, una madoa makavu ya kahawia; kwa hiyo wakati wa kuvuna kateni mizizi ya kila shina mlilolikagua. Hata shina lisilo na dalili laweza kubeba virusi, na pingili ndiyo inayovipeleka mbali kuliko inzi. Kwa shamba la mbegu, ombeni majani yapimwe maabara kabla ya kugawana chochote.