Pangani: lipu ya saruji kwenye nyumba ya bibi inabanduka, nifanyeje?

Mjukuu wa Pangani
Shikamooni wakubwa. Nyumba ya marehemu bibi iko Pangani mjini, kwenye mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi, karibu na mto. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba nikinyoosha mkono dirishani, nje nafika kwa ncha za vidole tu. Juu ni boriti za mikoko. Miaka mitatu iliyopita tuliipiga lipu ya saruji tukidhani tunaiokoa. Sasa lipu inavimba, inaanguka mabamba mazima, na nyuma yake kuna unga mweupe. Nimeuonja: chumvi. Ndugu zangu wanataka tuvunje tujenge ya tofali. Roho yangu inakataa kabisa. Pale barazani bibi alikuwa akisuka ukili huku tukitazama pantoni likivuka kwenda Bweni.

Fundi chokaa
Marahaba mwanangu. Usivunje! Matumbawe yanavuta maji ardhini. Chokaa inayaacha yatoke, saruji inayafungia. Maji yakihangaika kutoka, chumvi inabaki nyuma ya lipu na kuisukuma. Ng'oa saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo. Sururu itakuvunjia mawe. Acha ukuta ukauke kiangazi kizima. Halafu lipu ya chokaa: ndoo moja kwa tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa pwani. Chokaa iloweke pipani wiki kadhaa kabla. Piga tabaka jembamba, funika kwa magunia mabichi lisikauke haraka. Rangi ya mafuta usiguse, paka chokaa. Ila anza na paa. Boriti huozea kwenye kichwa kilichozama ukutani, mahali usipopaona.

Mwalimu wa historia
Kabla ya kugusa, waone Idara ya Mambo ya Kale ya serikali. Jengo la kabla ya 1863 linalindwa na sheria ya 1964. Na waambie ndugu zako kwamba Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, alipoinuka dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, moto uliwakia Pangani, na hapo hapo walimnyonga Desemba 1889. Mji wenye habari hiyo hauvunjwi ukuta kwa ukuta.

Mjukuu wa Pangani
Ahsanteni sana. Leo nimebandua bamba moja kando ya dirisha la jikoni. Chini yake nimekuta chokaa ya buluu, ile bibi aliyokuwa akipaka kila Idi inapokaribia. Nimewatumia ndugu picha. Tangu hapo hakuna aliyetaja tofali.