Fundi wa hapa Tabora kaniulia injini ya rotari, kisa sili ya mbele tu!!

Wakuu naandika nikiwa na hasira mpaka vidole vinatetemeka, mnivumilie kama nitaruka maneno.

Nina Mazda RX-8, ile ya injini ya rotari, 13B lita 1.3. Toka mwezi wa nne ilianza kuvujisha oili kwa mbele, nikipaki chini ya mwembe hapa nyumbani Isevya asubuhi nakuta doa kwenye mchanga na kila siku linaongezeka, puli ya chini imeloa, oili inarushwa mpaka kwenye mkanda. Huo ni ugonjwa wa sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili unaokaa kwenye kava na kuizunguka habu, yaani kitovu ambacho puli inafungwa. Unatoa mikanda, unatoa puli, unafungua boliti moja kubwa ya katikati, habu inatoka, unang'oa sili unaweka mpya. Injini hata haishuki. Sili nikaagiza Dar ikaja na basi, jumla 45,000.

Nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Fundi mkubwa wa pale swali lake la kwanza, eti taiming beti ya hii imekaa wapi. Wakuu rotari haina taiming beti, haina vavu, haina pistoni, ni rota mbili za pembe tatu zinazungusha shafti basi!

Nikapata wasiwasi, nikamwambia fundi nakuomba kitu kimoja, ukishafungua hiyo boliti ya kati shafti isirudi nyuma na usigonge kitu, kwa ndani pale kuna beringi ya sindano, bapa nyembamba, imekaa juu ya spesa yake, ikiteleza ikashuka kidogo tu hutaiona kwa nje, ukikaza boliti inabanwa na imekwisha. Nikamwonesha na video kwenye simu. Hakuangalia hata dakika. "Kijana wangu, mimi Scania nafungua nimefumba macho, hii ya kitoto itanishinda?"

Nimetoka kwenda Ipuli mara moja, narudi nakuta habu imegoma kuingia na jamaa anaigonga kwa nyundo na kipande cha nondo. Anagonga!! Kila pigo shafti inarudi nyuma, kitu kilekile nilichomkataza. Na kumbe mwanzo alianza kuichokonoa sili ya zamani kwa bisibisi habu ikiwa bado imo ndani, akaichora habu palepale ambapo mdomo wa sili unakaa, nimepitisha ukucha unakwama. Maana yake hata hiyo sili mpya ingevuja tu.

Akakaza boliti kwa bomba refu. Nikamwambia basi pima mchezo wa shafti kwenda mbele na nyuma, unatakiwa uwe 0.04 mpaka 0.07 mm, hana hata geji ya saa ya kupimia, akapiga stata. Wakuu ule mlio mpaka sasa ninao masikioni, kama unasaga kokoto. Nikamzimia mwenyewe. Tumemwaga oili kwenye karai nikapitisha vidole, nimetoa visindano vitatu vya chuma vya ile beringi, vidogo vinang'aa, kimoja kimepinda. Ninavyo hapa mezani nimevifunga kwenye karatasi.

Sasa kilichonichoma zaidi sio beringi, ni majibu. Anaambia watu pale kijiweni kwamba injini hizi mbovu, zinajulikana zinakula oili. Rotari kula oili imeundwa hivyo, kuna pampu inaingiza oili kidogo kidogo ndani kulainisha sili za kwenye ncha za rota, zisisagane na nyumba yake. Kula na kuvuja ni vitu viwili tofauti, na visindano kwenye karai ni kitu cha tatu, hicho ni nyundo yake! Halafu anataka 180,000 ya ufundi ndo aachie funguo, na ananishauri eti anifungie injini ya Noah. Hapana. Silipi hata mia, na beringi ananunua yeye.

Kesho naenda na mwenyekiti wa mtaa kuivuta gari. Mwenye kumjua mtu aliyeshawahi kufungua rotari kwa mikono yake, Mwanza, Shinyanga, popote, aniandikie hapahapa. Kava yote ya mbele lazima itoke na sampo (bakuli la oili la chini) ishuke, habu mpya natafuta, na safari hii sibanduki pembeni ya gari mpaka boliti ya mwisho.