Tupeane uzoefu: uliwahi kwenda dharura na ugonjwa usio wa dharura? Nini kilikupeleka?

MamaShughuli (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Tangu Alhamisi kuna jambo limenikaa kooni, naomba tulizungumze kwa ukweli.

Mwanangu wa mwisho ana miaka minne. Usiku ule aliamka saa saba analia, ameshika sikio la kulia, na nilipomgusa shingo nikaona anachemka. Chupa ya panadol ya maji niliitikisa, imebaki tone. Baba yake yuko safari ya Tunduma, nyumbani tulikuwa mimi na mdogo wangu wa kike tu. Zahanati ya mtaani kwetu inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Duka la dawa nilikwenda kugonga, mlinzi akaniambia muuzaji analala Kongowe. Nikambeba mtoto mgongoni kwa khanga, tukachukua boda kwa elfu nne mpaka hospitali kubwa.

Sista wa mlangoni alitupokea vizuri, nisimsingizie. Alimpima joto, 38.6. Akambana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni, akamuuliza jina lake, mtoto akalitaja na la shule akaongeza. Akampa maji kikombeni, akanywa yote. Basi akamfunga utepe wa kijani mkononi, akasema, "Mama, kaeni kwenye benchi, mtaitwa." Tuliitwa saa kumi na moja na robo alfajiri. Kabla ya hapo waliletwa vijana wawili wa ajali ya bodaboda, mmoja kwenye machela, mguu mmoja hauna kiatu. Akaja na bibi anayehema kwa shida. Wote walipitishwa mbele yetu na ilikuwa haki yao. Kilichoniuma ni mama aliyekaa nyuma yangu kumwambia mwenzake, "Ndiyo hawa wanaojaza hospitali kwa mafua." Mwanangu alikuwa amelala mapajani, kidole kimenasa kwenye ule utepe. Sikujibu kitu.

Daktari alimmulika sikio kwa tochi, akasema limevimba kwa ndani, akaandika amoksilini na panadol. Haikuzidi dakika tano.

Sasa nawauliza wenzangu. Ulikwenda na nini, saa ngapi, na kwa nini pale? Naomba tusichekane.

Mtu wa Zamu

Pole dada. Mimi nipo kiwandani, Barabara ya Nyerere. Mwaka jana tumbo liliniendesha usiku kucha. Kufika asubuhi limeshatulia, nimekunywa maji ya chumvi na sukari, niko sawa ila miguu haina nguvu. Kwa akili yangu ningelala nyumbani. Lakini kazini kwetu ukikosa zamu bila karatasi ya ED, yaani ya daktari ya kukuruhusu kupumzika, siku hiyo inakatwa, na ikijirudia unaitwa ofisini. Zahanati nilikuta foleni ya kina mama na watoto wa kliniki, mganga mmoja, na wala sikuwa na hakika kama nitamfikia kabla hajaondoka. Nikaenda dharura. Pale nikasema tumbo linauma kuliko lilivyokuwa linauma, ili nisirudishwe. Nikatundikiwa dripu, nikashika kitanda kwa saa mbili.

Nilichokuwa natafuta ni karatasi. Hili linanisumbua mpaka leo, kwa sababu nilipokuwa natoka nilimwona mzee amekaa sakafuni anasubiri kitanda.

Kaka wa Tandika

Msisahau PF3. Mdogo wangu alipigwa ngumi dukani, mdomo ukachanika kidogo tu, jeraha la kuosha na kubandika plasta. Ila tulikuwa tunafungua kesi, na fomu ya polisi lazima ijazwe na daktari. Tukatoka kituoni saa mbili usiku. Daktari wa saa hiyo yuko wapi zaidi ya dharura?

Binti wa Mzee

Kwangu ni habari ya baba yangu. Ana presha miaka tisa sasa, anatumia vidonge viwili. Mwezi wa nne vidonge viliisha siku ya Alhamisi. Kliniki yake ni Jumanne, na dirishani walituambia hawatoi dawa nje ya siku ya kliniki bila kuandikiwa upya. Akakaa bila dawa. Jumamosi jioni akapita duka la dawa, yule kijana akampima, ikasoma 190 kwa 110. Akamwambia, "Mzee kimbia hospitali, utapooza." Baba akapiga simu sauti inatetemeka. Nami nikatetemeka, maana shangazi yake ndivyo alivyoondoka.

Tulifika dharura saa moja usiku. Wakampima upya, wakamwambia ainue mikono yote miwili, atabasamu, aseme sentensi. Wakamuuliza kifua, macho, kichwa. Kote hakuna kitu. Daktari mmoja mpole sana akanieleza kwamba namba ikiwa juu bila dalili yoyote, mgonjwa anarudishwa kwenye dawa zake na kufuatiliwa taratibu, na kwamba kuishusha ghafla kunaweza kumdhuru. Wakampa vidonge vyake vilevile. Tukarudi saa tano.

Kwa hiyo mzee wangu alijaza dharura kwa ajili ya vidonge viwili ambavyo dirisha lingeweza kumpa Alhamisi. Nilipoona mada hii nikasema lazima niandike, kwa sababu watu husema wazee hawajui taratibu. Baba yangu anazijua sana, kadi yake ya kliniki ameifunika na nailoni.

Nesi wa Usiku

Nimesoma zote. Mimi ni muuguzi, mwaka wa sita sasa idara ya dharura, mkoa sitautaja. Acheni niseme kutoka upande wa pili wa meza.

Kwetu tunapanga kwa rangi. Mwekundu anaingia hapohapo, wa njano anasubiri kwa muda mfupi huku tunamwangalia, wa kijani anakaa. MamaShughuli, sista yule alipomuuliza mtoto jina na kumpa maji hakuwa anamliwaza. Alikuwa anapima ufahamu na uwezo wa kunywa. Mtoto anayejibu na kunywa ametupa habari kubwa.

Ninachotaka watu wajue ni kwamba wa kijani hawatushindi. Wanatuchosha, ndiyo, na wakiwa 40 kwenye benchi sauti inapanda na mtu anaweza kuzidiwa katikati yao tusimwone haraka. Hilo huniogopesha, na limewahi kunitokea: mtoto alianza degedege kwenye mapaja ya mama yake, mstari wa tatu nyuma, na aliyepiga kelele ni mgonjwa mwenzake. Lakini kinachoziba idara ni wagonjwa tuliokwisha kuwahudumia wanaosubiri kitanda wodini. Mtu analala kwenye machela yangu siku nzima kwa sababu juu kumejaa. Wa sikio anachukua dakika tano na benchi. Hachukui machela.

Mkweli Mmoja

Sista, nakuheshimu, ila tusijifiche. Wapo tunaoitumia dharura kama mlango wa nyuma, nami nilikuwa mmoja wao. Mgongo uliniuma miezi minane. Nina kadi ya bima. Nilijua nikianzia chini nitaenda zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kila mahali naandikiwa diklofenaki ya kutuliza maumivu, ndipo nipate barua ya rufaa kwenda kwa bingwa wa mifupa. Jirani akaniambia, "Nenda dharura usiku, sema umeanguka, barua ya rufaa hawakuulizi." Nikasema nimeanguka. Nikapigwa picha usiku uleule na wiki iliyofuata nikamwona bingwa.

Nilidanganya na nilikosea. Lakini ningepata picha ile wilayani ndani ya mwezi, nisingefika huko.

Nesi wa Usiku

Asante kwa kusema. Tunajua wengi "huanguka".

Mwana wa Kisauni

Huku Mombasa sisi twaita kasualti. Mie nlikwenda na jino. Jino tu, jamani, lakini usiku wa manane jino si jino, ni moto. Daktari wa meno hayuko mpaka Jumatatu, na pesa sikuwa nazo. Mjomba wangu ndiye alonambia, Katiba ya 2010, ibara ya 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Nikaenda na hiyo Katiba kichwani. Wakanidunga sindano ya maumivu, wakanambia kwa upole jino halimo kwenye dharura iliyokusudiwa. Nikaelewa. Ila maskini hushika mlango ambao aliambiwa haufungwi.

Yuko Minneapolis

Msidhani ni Afrika tu. Hapa Marekani kuna sheria ya 1986 inaitwa EMTALA. Hospitali yenye chumba cha dharura lazima imchunguze kila anayefika, awe na bima au asiwe nayo. Kliniki ya kawaida hailazimiki. Mimi nahudumia wazee majumbani, bima yangu ilikuwa imekatika nilipobadilisha kazi. Ijumaa jioni mkojo ukaanza kuniunguza. Nikapiga simu kliniki, miadi ya karibu siku 19 mbele. Nikaenda dharura, nikapimwa, nikapewa vidonge vya siku tano. Baada ya mwezi bahasha ikaja, zaidi ya dola 1,400. Nilikaa kwenye ngazi za jengo nikaisoma mara tatu. Kutofungiwa mlango ni jambo moja, kulipa ni lingine. Bado nalipa kidogokidogo.

Daktari Kijana

Nimekaa kimya nikisoma, naomba niongeze moja. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la JAMA lilichapa utafiti wa Marekani uliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa dharura wapatao 35,000. Wale ambao mwishoni, baada ya vipimo vyote, ilionekana wangeweza kutibiwa kliniki ya kawaida walikuwa kama 6 katika kila 100. Sasa wakaangalia watu hao walipofika walilalamika nini. Wakakuta malalamiko hayohayo ndiyo waliyokuja nayo karibu wagonjwa 89 katika kila 100 wa dharura yote. Yaani kifua kinauma, tumbo linauma, kichwa kinauma. Mlangoni wote wanasema maneno yaleyale, na mwenye tatizo dogo hatofautishwi na mwenye kubwa mpaka apimwe.

Kwa hiyo nikisikia mwenzangu anamgombeza mgonjwa, "Kwa nini umekuja na hili?" huwa najiuliza, yeye angejuaje kuwa ni dogo? Sisi wenyewe tumelijua baada ya kipimo.

Yatima wa Februari

Daktari umenifanya niandike, sikutaka.

Mama yangu alisema ni gesi. Kifua kinabana, jasho, kiungulia. Tuliwahi kumpeleka dharura mara mbili huko nyuma kwa kiungulia hichohicho, na mara ya pili mhudumu alimwambia mbele ya watu, "Mama, hivi ni vidonda vya tumbo, usiwe unakuja huku usiku." Aliona aibu sana. Mara ya tatu akakataa kwenda. Akasema tungoje kupambazuke, asisumbue watu. Alikunywa dawa ya kiungulia, akaketi kitandani ameegemea mto. Saa kumi na moja hakuwa nasi. Ulikuwa moyo.

Msiwaaibishe watu pale mlangoni. Nawaomba.

MamaShughuli

Yatima, pole sana, Mungu ampumzishe mama. Nimesoma nikiwa jikoni, nimelazimika kuzima jiko nikae.

Mtoto wangu amepona, jana ameshinda anacheza rede. Sista Nesi, nilikuwa nataka kukuuliza. Ni dalili zipi nikiziona kwa mtoto usiku nisingoje hata dakika?

Nesi wa Usiku

Yatima, pole. Nitakumbuka ulichoandika nikiingia zamu leo.

Mama, mtoto mdogo ukimwona hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachokula, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, usingoje. Hata anayehema haraka huku mbavu zinaingia ndani, njoo. Homa yenyewe, kama anakunywa na anakutambua, mpe panadol ya maji kwa kipimo cha uzito wake, mpunguzie nguo, na asubuhi apimwe malaria, asikae bila kipimo. Kwa mtu mzima, kifua kinachobana na jasho, mdomo kwenda upande, mkono kufa ganzi ghafla, njoo saa yoyote. Ikiwa gesi, tutafurahi pamoja. Mjamzito na kichanga, hapa Tanzania piga 115 bure, gari linatumwa.

Na ukiwa na shaka, njoo tu. Nitakuweka kwenye benchi lakini nitakutazama.

MamaShughuli

Asante sana dada yangu. Nimenunua kipimajoto na chupa mbili za panadol. Swali la mwisho kwa wenzangu wa huku kwetu Mbagala: kuna mahali karibu pa kumpeleka mtoto usiku pasipo kufika hospitali kubwa?

Jirani wa Rangi Tatu

Papo. Zahanati ndizo zinazofungwa, kituo cha afya hakifungwi. Nimempeleka wangu saa tisa usiku, niligonga mlango wa wodi ya wazazi kwa sababu mbele palikuwa na giza nikadhani wamefunga. Mganga wa zamu alitoka akiwa na glavu mkononi, alikuwa anazalisha. Akasema nimngoje kidogo, na baada ya nusu saa akaja kweli. Maabara ilikuwa imefungwa, lakini kipimo kidogo cha malaria alikuwa nacho mwenyewe.